Kidonda Walichokataa Kukishona



Nakuandikia wewe uliyepasuliwa majuzi, na sasa umelala unajiuliza kama joto unalolisikia kwenye mshono ni la kawaida. Nilijiuliza swali hilo kwa siku tatu, mwaka 2021, nyumbani kwetu hapa Kiomboi, mkoani Singida. Siku tatu hizo nusura zinitoe duniani. Kwa hiyo, kabla sijaanza kusimulia: kama joto linazidi, uvimbe unaongezeka, au kuna maji yenye harufu, acha kusoma hapa. Mwite mtu wako akupeleke hospitali sasa hivi. Ukirudi utamalizia.

Mimi ni mkulima. Tunalima alizeti, na mtama na uwele kidogo wa chakula, kama wengi hapa Iramba. Mimba ile ilikuwa ya kwanza. Ilifikia mwisho mwezi wa Mei, alizeti ikiwa imekauka shambani na kila nyumba iko kwenye mavuno.

Chupa ilipasuka Jumamosi alfajiri. Uchungu ulikuja kwa mbali, ukapotea, ukarudi. Jirani mmoja mtu mzima akaniambia mimba ya kwanza haina haraka, na mimi nikataka kuamini hivyo. Nikajiandaa kama nilivyoona wakubwa wakijiandaa. Nikaoga. Nikanyoa kwa wembe mpya. Nikapanga khanga na beseni. Sikujua kwamba wembe huacha michubuko midogo ambayo macho hayaioni, na kwamba chupa ikishapasuka mlango wa wadudu uko wazi, kila saa inayopita wanapanda. Jumapili kengele ya kanisa ililia, mama mkwe hakwenda. Alibaki nami anasali. Jumapili saa nne usiku ndipo tulipofika hospitali.

Daktari alinipima, akasema mtoto amechoka na njia haijafunguka. Akauliza chupa ilipasuka lini. Nilipomjibu alihesabu kwa vidole. Zaidi ya saa 40. Mume wangu akaweka sahihi ya kuruhusu nipasuliwe. Saa nane usiku nikasikia mtoto analia, nikasema asante Bwana, nikalala.

Siku ya tatu waliniondolea bandeji. Niliuona mshono wangu kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mzuri. Mstari mmoja mwembamba, nyuzi nyeusi za nailoni zimepangwa sawasawa. Mama mkwe aliusifu. Alhamisi tukaruhusiwa, wakaniambia nirudi Jumatatu kutoa nyuzi, na nikiona jambo lolote nirudi mapema. Maneno hayo ya mwisho niliyasikia vizuri. Nakiri hapa mbele yako kwamba niliyasikia.

Ijumaa upande wa kulia wa mshono ukawa na joto. Ngozi ilikaza, ikang'aa. Nikasema ni kawaida, mtu amepasuliwa, lazima asikie kitu. Jumamosi asubuhi nilikuta doa la maji ya njano kwenye khanga. Nikaifua mwenyewe, nikaianika nyuma ya nyumba ili mama mkwe asiione.

Kwa nini nilificha? Nimejiuliza mara nyingi. Niliona aibu. Huku kwetu kidonda kikitoa usaha watu huona mwenye kidonda si msafi, na mimi nilikuwa mkwe mpya. Niliogopa gharama pia, maana bima hatukuwa nayo, na mume wangu alikuwa anavuna peke yake. Halafu kulikuwa na ile Jumatatu. Nikawa najiambia, Jumatatu ninakwenda kutoa nyuzi, watakiona hukohuko. Kwa mgonjwa, Jumatatu inaweza kuwa mbali sana.

Siku hiyohiyo ya Jumamosi alikuja mgeni kumtazama mtoto. Nikamnong'oneza. Akanishauri ninunue kapsuli, nimeze mbili, mbili nizipasue ninyunyizie unga wake juu ya mshono. Yeye alifanya hivyo kwenye jeraha la mguu, akapona. Nikamtuma kijana duka la dawa. Nikameza. Nikanyunyizia. Unga ukagandamana, ukawa gamba. Juu pakawa pakavu, nikamshukuru Mungu. Chini ya lile gamba usaha ulikuwa hauna pa kutokea.

Jumapili harufu ilianza. Watu walitoka ibadani wakaja kutupongeza. Niliomba dirisha lifunguliwe. Nilijifunga khanga tatu.

Halafu usiku ukaingia.

Saa tano nilianza kutetemeka. Meno yaligongana. Mtoto akalia, nikashindwa kumnyanyua. Nikakohoa. Mara moja tu. Nikasikia kitu kinaachia. Kitu cha moto kikamwagika tumboni. Nilidhani ni mkojo. Nikagusa. Haukuwa mkojo.

Mume wangu akawasha tochi ya simu. Hakusema neno. Sikulitazama tumbo, nilimtazama yeye usoni. Uso wake ulinitosha.

Nikasema, matumbo yangu yanatoka. Nikasema, mchukue mtoto. Nikasema, mwambie mama yangu. Sikumaliza nilichotaka aambiwe.

Mama mkwe aliingia. Akaona. Wala hakuuliza kwa nini nilimficha. Alichukua khanga safi, akanifunga tumbo, akapiga magoti kando ya kitanda. Nilisikia anasema tu, Bwana, Bwana. Mimi nilianza Sala ya Bwana, nikapotea katikati. Sala niliyoijua tangu Shule ya Jumapili. Nikaanza tena. Nikapotea palepale.

Kama uko hapo sasa, kama hata sala imekutoka kinywani, usidhani umeachwa. Wengine wanakuombea. Usiku ule niliombewa.

Jirani alikuwa na pikapu iliyokuwa inabeba alizeti. Walinilaza nyuma juu ya magunia matupu, mama mkwe kichwani, mume wangu miguuni, mtoto kifuani kwa mama mkwe. Kila shimo la barabara nililihesabu. Baridi ya Mei unaijua kama umeishi huku. Nilikuwa nabanwa na baridi na huku naungua.

Muuguzi wa zamu alikuwa mama wa makamo. Alisema, "Pole, mwanangu," akavaa glavu, akakata nyuzi moja moja. Hakukunja pua. Hilo sitalisahau. Daktari akaja, akaingiza kidole taratibu hadi chini. Nilifumba macho. Nikangoja.

Akasema, "Ndani pameshika. Kilichoachia ni ngozi na mafuta tu. Matumbo hayatoki, mama."

Nililia kwa sauti. Ndipo nilipojifunza kwamba mtu aliyepasuliwa tumbo hashonwi mara moja. Mfuko wa uzazi hushonwa kwa uzi wake unaoyeyuka wenyewe. Utando mgumu unaobeba tumbo hushonwa peke yake. Ngozi huja mwisho. Yule anayeona ngozi imepasuka hudhani kila kitu kimepasuka. Kwangu mimi utando ulikuwa umeshika. Bwana aliushikilia.

Waliniosha kwa maji ya chumvi ya dripu, chupa baada ya chupa, mpaka maji yakatoka meupe. Wakachukua usaha kidogo kwa kijiti chenye pamba, wakautia kwenye kichupa. Kisha wakaweka chachi yenye unyevu ndani ya lile shimo, wakafunga bandeji. Wakaanza kukusanya vyombo.

Mama mkwe akashtuka. "Baba, mbona hamumshoni? Mnamwacha wazi hivyo?"

Daktari akamjibu kwa heshima, "Mama, nikimshona leo nawafungia wadudu ndani. Watakula kwa chini mpaka waufikie ule utando. Kiache kitoe usaha, tukisafishe, kikiwa safi nitamshona."

Mama mkwe alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Kama gunia la alizeti mbichi."

Mkulima wa huku hahitaji kuelezwa zaidi. Alizeti ikiwa na unyevu ukaijaza kwenye gunia, ukalishona kwa shazia, kwa nje utaona gunia zuri, limesimama. Ndani inapata joto, inaota ukungu, inaungua. Unalifungua na hasara imekwisha kuingia. Uzuri wa mshono hausemi lolote juu ya kilichoko ndani ya gunia. Mshono wangu uliosifiwa Alhamisi ulikuwa hivyo.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Kila asubuhi saa tatu nilisikia magurudumu ya toroli yakija wodini. Walinipa dawa ya maumivu nusu saa kabla. Bado nilishika chuma cha kitanda. Chachi ya jana inatolewa, maji ya chumvi, chachi mpya. Hadi leo nikisikia kitu chenye magurudumu kinasukumwa kwenye sakafu ya saruji, mkono wangu unakwenda tumboni wenyewe.

Siku ya nne majibu ya ule usaha yalirudi. Walikuwa wameuotesha maabara kuona ni mdudu gani na anakufa kwa dawa ipi. Alikuwa stafilokokasi. Bakteria huyu huishi kwenye ngozi na puani kwa watu wengi wazima bila kuwadhuru, lakini akipata mlango huingia ndani. Zile kapsuli nilizomeza hazikuwa na nguvu juu yake. Wakabadilisha dawa. Baada ya siku mbili homa ikashuka, nikaomba uji.

Muuguzi yule alinifundisha mengi akiwa anafanya kazi, nadhani ili nisahau maumivu. Alinieleza kwamba kidonda cha upasuaji kina njia tatu za kufungwa. Ya kwanza ni kukishona siku ileile, kama ni safi. Ya pili ni kukiacha wazi siku kadhaa, kikisafishwa, kisha kukishona. Ya tatu ni kukiacha kabisa kijae nyama kutoka chini mpaka juu, hata kama kitachukua wiki nyingi na kuacha kovu pana. Nikamuuliza kama kuna uzi bora ambao ungenikinga. Akasema kuna nyuzi za kuyeyuka na za kutolewa, kuna vibanio vya chuma, kuna hata gundi ya ngozi, na kila kimoja kina mahali pake. "Lakini uzi ni mgeni mwilini, mwanangu. Mdudu akishaingia, uzi humpa mahali pa kushikilia."

Siku ya tano nilipata ujasiri wa kutazama. Ngumi ya mtoto ingeingia. Chini palikuwa na rangi ya njano, nikageuza uso. Siku ya tisa aliniita nitazame tena. Pale pa njano palikuwa pekundu, pana chembechembe ndogondogo kama punje za uwele. Muuguzi alifurahi kuliko mimi. Akasema hiyo ni nyama mpya, na nyama mpya huletwa na chakula.

Na chakula kilikuja. Mama yangu mzazi alifika kutoka upande wa Shelui na samaki wa Ziwa Kitangiri. Mama mkwe alichinja kuku wake wa kienyeji mmoja baada ya mwingine, kuku aliokuwa akiwalea kwa ajili ya ada. Akina mama wa kanisani kwetu walipanga zamu. Huyu analeta maziwa, huyu mayai, huyu anafua khanga, huyu anabeba mtoto nikimaliza kunyonyesha. Mume wangu aliuza alizeti kabla bei haijapanda. Hakunitajia kiasi alichopoteza.

Mmoja wa wageni alileta chupa ya asali. Unajua asali ya Singida ilivyo na sifa. Akataka tuimimine kwenye kidonda. Muuguzi alimshukuru, akamwambia asali kweli hutumika kwenye vidonda, lakini ni ile iliyosafishwa maalumu kwa tiba, na mwenye kuiweka ni mhudumu. Hii yenye miguu ya nyuki aniachie ninywee uji. Nikainywa yote.

Siku ya 17 daktari alikuja, akatazama, akasema, "Leo tunamaliza." Wakanichoma ganzi. Safari hii zilikuwa nyuzi tano tu, zimeachiana nafasi, ili kama kuna maji yapate pa kupita. Hakuna aliyeusifu mshono huo. Haukuwa mzuri. Baada ya siku kumi zikatolewa, na kidonda kikabaki kimefunga. Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa, nikashuhudia. Nilipofika pale kwenye tochi ya simu sikuweza kuendelea, wakaimba mpaka nikatulia.

Baadaye mdogo wangu aliingia chuo cha uuguzi. Ni yeye aliyenitoa ile aibu niliyobaki nayo. Alinionyesha kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2016 juu ya jambo hili tu, kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, na humo walisema barani Afrika hadi mama 1 kati ya 5 wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi kwenye kidonda. Alinisomea pia utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliotolewa mwaka 2011. Kati ya wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa, 65 walipata maambukizi. Niliposikia namba hizo nililia tena. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa mchafu. Kumbe tulikuwa wengi, kila mmoja ameanika khanga yake nyuma ya nyumba.

Akanisomea na habari njema. Mwaka 2022 madaktari wa nchi saba, ikiwemo Rwanda jirani zetu, walitoa majibu ya utafiti kwa wagonjwa zaidi ya 13,000 wa upasuaji wa tumbo. Walikuwa wakijaribu jambo dogo: kabla ya kufunga kidonda, timu ibadilishe glavu na kuchukua vifaa vingine visafi. Maambukizi yalipungua kutoka karibu wagonjwa 19 katika kila 100 hadi 16. Watu watatu katika kila mia. Najua mtu mmoja kati ya hao watatu anaepushwa na nini.

Mwaka 2024 nilibeba mimba ya pili hadi mwisho, na ilibidi nipasuliwe tena. Sitakudanganya kwamba imani iliondoa hofu. Hofu ilikuja na begi lake, ikalala nami wodini. Lakini safari hii nilijua la kufanya. Hatukusubiri nyumbani. Wembe sikuugusa, maana ule mwongozo unakataza kunyoa. Nywele zikilazimu kuondolewa, hospitali wana mashine yao ya kupunguzia. Nilioga kwa sabuni. Nilichomwa sindano ya antibayotiki kabla ya kupasuliwa, kwa kuwa dawa inatakiwa iwe imekwisha kuenea mwilini kisu kinapogusa ngozi. Nilimwomba daktari kwa heshima juu ya zile glavu. Akaniambia, "Tutabadilisha, mama, usiwe na hofu."

Nyumbani, mume wangu alikuwa akiuangalia mshono kila asubuhi na kila jioni mbele ya dirisha, akiwa amenawa mikono. Siku ya sita usiku hakulala. Alikaa kwenye kiti na ile tochi ya simu. Hatukuzungumza. Kulipokucha mshono ulikuwa mkavu, umepoa. Alitoka nje, nikamsikia anaimba huku anafungua mbuzi.

Sasa, wewe ninayekuandikia. Mwonyeshe mtu kidonda chako leo. Mama yako, mume wako, dada yako, yeyote anayekupenda. Mkiangalie kila siku hadi mwezi upite, kwa sababu maambukizi yanaweza kujitokeza hata wiki ya tatu au ya nne, nyuzi zimekwisha kutolewa. Usikipake unga wa kapsuli, wala majani, wala majivu. Usimeze dawa iliyomponya mwingine. Usingoje Jumatatu. Na wakikuambia watakiacha wazi, usiogope kama nilivyoogopa. Hawajakukatia tamaa. Wanakipa nafasi kitoe kilicho kibaya kwanza.

Na wewe unayemuuguza mwenzio, ukikuta khanga imefichwa, usimgombeze. Mama mkwe wangu hajawahi kuniuliza hadi leo kwa nini nilimficha. Mwaka jana nilimwomba msamaha mwenyewe. Akasema, "Nilikuwa nasikia ile harufu tangu Jumapili mchana, mwanangu. Niliogopa kuuliza." Tulikuwa wawili nyumba moja, tunaogopa jambo lilelile, kila mtu kwake.

Mavuno yamefika tena hapa Kiomboi. Jana tulijaza magunia, na mume wangu alikuwa ameshashika shazia. Nilimwambia angoje. Nikaingiza mkono kwenye kila gunia mpaka kiwiko, nikaushikilia humo kutafuta joto. Yeye alingoja tu. Joto halikuwepo. Nikamwambia, "Shona."